Fumbo la herufi la nukuu maarufu: nimeweka NA, kila kitu kimekwama. Nakosea wapi?

kalamu_ya_risasi

Wakuu, salaam. Nina fumbo la herufi, lile ambalo kila herufi imevikwa herufi nyingine kutoka mwanzo hadi mwisho. Maelekezo yake: ni nukuu maarufu ya Kiswahili, nafasi kati ya maneno zimeachwa zilivyo, na hakuna herufi inayosimama kwa niaba yake yenyewe. Ni hili:

HKGRXRSE CTQP GK GXELE NRGLE GR RYBKVR GK STDR

Maneno ya herufi mbili yako matatu: GK mara mbili, GR mara moja. Kwa kuwa NA hujirudia sana, nikaweka GK = NA. G ikawa N, K ikawa A. GR nayo inaanza na N, kwa hiyo nikaiweka NI, na R ikawa I. Nikabaki na hiki:

_ANI_I__ ____ NA N____ _IN__ NI I__A_I NA ___I

Neno la saba limegoma kabisa. I__A_I, sijapata linaloingia. Kosa liko kwenye NA? Halafu kuna Q na X, herufi ambazo Kiswahili hakizitumii, zinaashiria kitu? Na la mwisho, kuhesabu herufi kunafaa kwa nukuu fupi kama hii? Naomba njia, jibu nitalitafuta mwenyewe.

---

irabu_tano

Kosa liko hapohapo kwenye NA, na lilikuwa linaonekana kabla hujafika neno la saba. Hesabu R: iko mara 7 kati ya herufi 38. Inafuata G mara 6, kisha K na E mara 4 kila moja. Wewe umeipa K irabu A na R irabu I, yaani unadai kwamba humu I inaizidi A karibu mara mbili. Hutokea, ila dai zito namna hiyo linataka ushahidi, na ushahidi wako ni kwamba NA ni neno la kawaida tu. NI nalo ni la kawaida, hasa kwenye nukuu, kwa sababu nukuu nyingi ni za kusema kitu fulani ni kitu fulani. NI kurudi mara mbili katika sentensi moja si ajabu hata kidogo.

Usifute ukurasa mzima, lakini. Kuna jambo umelipatia. GK na GR zinashiriki herufi ya *kwanza*. YA, WA, ZA, LA, PA na NA zinashiriki ya *mwisho*. Jozi za maneno mafupi zinazoshiriki ya kwanza ni chache, na NI/NA ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Kwa hiyo G = N ibaki. Zilizopinduka ni irabu mbili tu.

Mwakani ukikutana na fumbo jingine, usianze na maneno mafupi. Anza na mikia ya maneno. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Wanaovunja kanuni hiyo ni majina ya watu na mahali, vifupisho, na maneno machache ya mkopo yanayoandikwa bila irabu ya mwisho, kama "maalum". Andika herufi ya mwisho ya kila neno la fumbo lako:

E, P, K, E, E, R, R, K, R

Maneno tisa, herufi nne tu. E, P, K na R ni irabu, na hujabahatisha hata moja. Ya tano itafute ndani ya maneno yaliyobaki bila irabu ya kutosha: CTQP na STDR. Zote mbili zina T nafasi ya pili. Maneno kama MBWA na MCHE yapo, konsonanti tatu na irabu moja mwishoni, lakini hapa herufi ya kwanza na ya tatu zinatofautiana katika maneno yote mawili na ya pili ni ileile. Sioni jozi ya maneno ya aina hiyo itakayokubali. T ni irabu. Sasa unazo zote tano, na hujaandika hata neno moja.

Kinachofuata ni kuzipa majina. R inayoongoza iwe A. Halafu itazame GXELE: inaanza na konsonanti mbili. Kiswahili hakiruhusu konsonanti mbili ziandamane ovyo. Ama ya kwanza ni M au N (MB, ND, NG, NJ, NZ), ama ya pili ni H, W au Y (CHA, KWA, VYA). G ipo pia katikati ya NRGLE, mbele ya konsonanti nyingine. Tabia hiyo ni ya N, na GR haiwezi kuwa MA maana hilo si neno. G = N imethibitika upya kwa njia tofauti, na hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuandika kwa wino.

GXELE basi ni N, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu ileile. Umbo hilo ni la NDEGE, NDOTO, NDIZI, NGUVU, NGUMU, NJUGU, NDUGU na mengine. Yachuje kwa NRGLE: L pale inaifuata N. NT, NV na NM hazikai katikati ya neno la kawaida la Kiswahili, kwa hiyo NDOTO, NGUVU na NGUMU nje. NDIZI nje pia, kwa sababu K ndiyo iliyokwisha kuchukua I. Nimekuachia matatu. Yapime mwenyewe kwenye NRGLE.

---

Jedwali

Q na X: haziashirii chochote. Herufi za fumbo ni vinyago. Aliyetunga alizichanganya herufi zote 26 za alfabeti ya kompyuta, basi Q inaweza kuivaa T na X ikaivaa D au nyingine yoyote. Pale Q na X zinapofaa ni upande wa pili, upande wa jibu: usiziweke kamwe kwenye jibu, na C usiiweke bila H kuifuata. Upande wa jibu una herufi 24, au 23 zinazojitegemea ukiichukulia C kama kivuli cha H.

Kuhusu karatasi, maana nusu ya watu hukwama kwa uandishi wala si kwa akili. Nakili fumbo kwa herufi kubwa ukiruka mistari miwili. Mstari wa kwanza juu ya fumbo ni wa jibu, wa pili ni wa majaribio. Pembeni andika jedwali mbili, si moja: herufi za fumbo A hadi Z na jibu la kila moja, kisha herufi za jibu A hadi Z na kinyago cha kila moja. Jedwali la pili ndilo linalokamata kosa la kuipa irabu moja vinyago viwili, kosa ambalo kwenye jedwali la kwanza halionekani. Na ukibadilisha herufi moja, ibadilishe kila ilipo kabla ya kufanya lolote jingine. Penseli laini, raba safi.

---

mhesabu_vokali

Nampinga irabu_tano kidogo tu. Ile "R inayoongoza iwe A" imetoka rahisi kwa sababu fumbo hili ni la kiungwana. Katika maandishi marefu ya Kiswahili A huongoza kweli, na kwa mbali. Katika msemo wa herufi 25 au 30 usiiamini hivyo. Mfano:

MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO

Herufi 26. O iko mara 5, A mara 3 tu, sawasawa na V na Y. Anayeanza kwa kuhesabu ataipa O nafasi ya A na kupoteza jioni nzima. Sababu ni -VYO ya mwisho kujirudia mara tatu; sarufi ya msemo ndiyo iliyopindisha hesabu. Upande wa pili kuna HARAKA HARAKA HAINA BARAKA: A mara 11 kati ya 23, na hakuna E, O wala U kabisa. Huyo naye hawezi kukufundisha chochote kuhusu irabu nyingine.

Kwa hiyo hesabu itumike kupima wazo lililokwisha kupatikana kwa njia nyingine. Umeona mwenyewe: haikukupa NI, ila ingekukataza NA.

Mbinu yenyewe ya kuhesabu ni ya kale; mwanazuoni Al-Kindi aliiandika Baghdad katika karne ya 9. Lakini yeye alishauri itumike kwa maandishi marefu ya kutosha. Na mwanahisabati Claude Shannon mwaka 1949 alikadiria kuwa kwa Kiingereza herufi kama 30 hivi zinatosha fumbo la aina hii kubaki na jibu moja tu. Chini ya hapo unaweza kupata majibu mawili yote yanayosomeka. Kinachokuokoa kwenye fumbo la nukuu ni kwamba jibu lazima liwe kitu kinachojulikana.

---

kalamu_ya_risasi

Nimefuata. NRGLE kwa NDEGE inakuwa _ANGE, haiendi popote. Kwa NJUGU na NDUGU inakuwa _ANGU, na hiyo inaingia vizuri. Kwa hiyo E = U, L = G:

_INA_A_U ____ NI N_UGU _ANGU NA A__I_A NI ___A

Nimebaki na mambo matatu. X ni D au J? _ANGU ni WANGU, YANGU, LANGU au ZANGU? Na A__I_A nimeweza kuiingiza ASHIKA, lakini sentensi haikai.

---

Ngeli

Hapa sarufi inafanya kazi ambayo hesabu haiwezi.

X ipo pia kwenye neno la kwanza. Weka J upate _INAJA_U, weka D upate _INADA_U. Moja kati ya hizo ni neno, isome kwa sauti.

Ukilipata hilo, unajua ni nomino ya watu, na neno linalolifuata lina umbo la irabu mbili, T na P. Kivumishi gani cha herufi nne huandamana na nomino ya watu wengi na kuwakusanya pamoja? Hapo C itajulikana. Sasa ndipo uamue _ANGU. Kama C imechukua W, basi N haiwezi kuwa W, maana vinyago viwili havivai herufi moja. WANGU imekufa bila kuijadili. Kati ya YANGU na ZANGU tazama idadi: ndugu mmoja ni yangu, wengi ni zangu, na sentensi imekwisha kukuambia ni wangapi. LANGU haikuwa na haki ya kuwepo kwenye orodha. Ndugu hayumo kwenye ngeli ya LI-YA.

ASHIKA: umbo linakubali, nafasi haikubali. Kati ya NA na NI panahitajika nomino, na ASHIKA ni kitenzi. Tena itazame YB. Konsonanti mbili katikati ya neno, bila N wala M mbele. Ama ya pili ni H, W au Y, ama neno ni la mkopo au ni jina. Jaribu jina.

---

kalamu_ya_risasi

BINADAMU WOTE NI NDUGU ZANGU NA AFRIKA NI MOJA.

Mwisho S = M ilitoka kwenye BINADAMU, T = O kwenye WOTE, na STDR ikajisoma yenyewe. Nilisita kwa MOLA, lakini sentensi ikaikataa. Asanteni sana wakuu.

---

Jedwali

Safi. Hiyo ilikuwa ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, chama cha Nyerere kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Ungeikumbuka mapema, herufi nne tu zingetosha kuimaliza, na hilo si udanganyifu. Kwenye mafumbo ya nukuu kumbukumbu ni chombo kama penseli.

Kama fumbo limeandika jina la msemaji chini, anzia hapo. NYERERE ina umbo 1-2-3-4-3-4-3 na ni nadra neno jingine kufanana nalo. Ukiona herufi saba za namna hiyo baada ya kistari, umepata N, Y, E na R kwa mpigo. MANDELA haina ukarimu huo, A mbili tu, nafasi ya pili na ya saba. Ila tahadhari: majina ya kigeni ndiyo yanayovunja kanuni ya mikia, basi unapoorodhesha herufi za mwisho, mstari wa jina uache kando.

---

irabu_tano

Naongeza alama ambazo kwa methali na misemo hulipa kuliko hesabu, kwa mpangilio wa zinavyonijia.

Kibainishi. Kama mtunzi ameacha alama ya juu ya NG' ilipo, herufi mbili zilizoitangulia ni N na G, basi. Watunzi makini huiondoa kwa sababu inatoa zawadi kubwa mno.

Herufi pacha. Pacha mwishoni mwa neno ni irabu daima: JUU, KUU, SAA, TAA. Pacha mwanzoni mwa neno karibu kila mara ni M au N: MMOJA, MMEA, NNE. Pacha za konsonanti katikati ya neno ni chache, nazo huwa M au N, kama WANNE na KUMMALIZA; nyingine ukiziona, shuku jina la kigeni au kosa la kunakili.

Maneno yanayojirudia. Mawili sawa yakifuatana: HARAKA HARAKA, BANDU BANDU, CHOVYA CHOVYA. Mawili sawa yenye neno la herufi mbili katikati, na herufi ya mwisho ya hilo la katikati ni ileile waliyoishia: HABA NA HABA. Umbo 1-2-3-2, 4-2, 1-2-3-2 halina mshindani ninayemjua.

Maneno ya herufi tatu yanayoishia kwa herufi inayoongoza: KWA, CHA, VYA. Ya katikati ni W, H au Y. Ukiijua moja, tazama ni konsonanti zipi nyingine inazoandama. H huandama C, S, D, T na G. W huandama K, M, B na wengine. Y huandama N na V zaidi.

Vichwa vya methali: ASIYE-, MWENYE, MTAKA, PENYE, USIPO-, HAKUNA. Neno refu la kwanza likianza na kuishia kwa herufi ileile, ijaribu ASIYE- kabla ya kitu kingine.

---

mhesabu_vokali

Na yale yasiyo na nafasi, yanayoandikwa kwa mafungu ya herufi tano? Humo mikia imefichwa, kwa hiyo orodha ya herufi za mwisho haina kazi. Badala yake tafuta irabu kwa mpishano: Kiswahili hupishanisha konsonanti na irabu karibu kwa nidhamu ya kijeshi. Chukua herufi inayoongoza, weka nukta juu yake kila ilipo. Zile zinazokaa mbele na nyuma yake mara nyingi ni konsonanti. Zile zinazokuwa nyingi lakini zinamkwepa, hazimgusi, ni irabu wenzake. Ukipata tano, kata mafungu baada ya irabu na silabi zitajitokeza. Herufi chini ya 60 kwa aina hii ni mateso.

Kuhusu programu: zile zinazojaribu funguo (yaani mipangilio ya nani anavaa kinyago gani) maelfu kwa sekunde zinapima kila jibu kwa jedwali la herufi za lugha fulani. Ukiipa fumbo la Kiswahili programu yenye jedwali la Kiingereza itakuletea takataka inayofanana na Kiingereza, tena kwa kujiamini. Ilishe kwanza maandishi marefu ya Kiswahili, yaliyofutwa alama na nafasi kama fumbo lenyewe. Kujaribu funguo zote haiwezekani hata kwa mashine. Mipangilio ya herufi 26 ni namba yenye tarakimu 27.

Na kabla ya kulaumu akili yako, laumu mtunzi. Mafumbo yanayotungwa kwa mkono huwa na makosa. Dalili ni hii: kila neno limesomeka ila moja, na ndani ya hilo moja ni herufi moja tu inayogoma. Usivunje ufunguo mzima kwa ajili yake. Andika jibu, zungushia duara, endelea.

---

Ngeli

Mkuu kalamu_ya_risasi, chukua la mazoezi. Methali, nafasi zimeachwa, herufi 28. Inayoongoza si A, nakuonya mapema:

TFOBKFOPOT WT DPZZ RZCZIXOPT YZZ

---

kalamu_ya_risasi

Mikia: T, T, Z, T, Z. DPZZ na YZZ zina pacha mwishoni, kwa hiyo Z ni irabu, na iko mara 6. Ningekuwa bado nahesabu ningeiita A. Lakini neno la kwanza linaanza na kuishia kwa T, na WT nayo inaishia kwa T, basi A nimeipa T. TFOBK nikaiingiza ASIYE. Hapo F na O zikarudi zenyewe kwenye -FOPOT, nikapata -SI_IA, na P haikuwa na pa kwenda isipokuwa K.

Guu limevunjika.